Kabla hamjaongeza gesi, pimeni maji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowatoa fedha bure wenye hoteli, hosteli na zahanati wa Arusha na Moshi waliofunga pampu za joto zinazotumia maji ya kisima. Mashine ikianza kuzima yenyewe na maji ya bafuni yakawa vuguvugu, anaitwa fundi wa mafriji. Fundi anafunga geji, anaona presha ya upande wa chini imeshuka, anasema gesi imepungua, anaongeza. Siku mbili tatu mambo shwari, halafu tatizo linarudi pale pale. Mwenye mali analipia gesi mara ya pili na ya tatu, na mwisho anaambiwa kompresa imekufa. Sisi tunaoshughulika na mashine hizi tunasema wazi kwamba mara nyingi gesi haikuwa na kasoro yoyote. Kilichopungua ni maji.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: ni friji lililogeuziwa kazi. Maji ya kisima yanapita upande mmoja wa sahani nyembamba za chuma kisichoshika kutu zilizobanwa pamoja, na gesi ya baridi inapita upande wa pili ikinyonya joto. Kompresa inaikandamiza gesi hiyo mpaka iwe ya moto, kisha inaipeleka kwenye seti nyingine ya sahani ikakabidhi joto kwa maji ya tangi. Mashine ya kilowati 10 ikila umeme wa kilowati 2.5, zile 7.5 zilizobaki lazima zitoke kwenye maji ya kisima. Hakuna pengine pa kuzitoa.

Basi hesabu ni hii. Chukua lita za maji kwa dakika, zidisha kwa 0.07, kisha zidisha kwa tofauti ya digrii kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Jibu ni kilowati. Ukitaka kilowati 7.5 kwa kushusha maji digrii 5, unahitaji lita 21 na ushee kila dakika, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 56 hivi. Kazi hii haihitaji fundi. Iwashe mashine, iache ifanye kazi dakika 15, kinga ndoo pale maji yanapotokea, washa saa ya simu. Angalizo moja: kama bomba la kutolea linapanda kwenye tangi la mnarani, pimia huko huko juu. Ukilifungua chini mlima wa kupanda unaondoka, maji yanatoka kwa nguvu ambayo mashine haiipati siku nyingine zote, na utajidanganya kwamba yanatosha. Na zile ndoo za rangi zinazouzwa mitaani zikakisieni kwanza kwa chupa ya lita moja, kwa sababu si zote zinaingia lita 20.

Tuseme ndoo imechukua dakika mbili. Hizo ni lita 10 kwa dakika. Kupata zile kilowati 7.5 kutoka lita 10, maji lazima yashuke karibu digrii 11. Yakiingia na digrii 20 yatatoka na 9, na gesi ndani ya sahani italazimika kuwa baridi zaidi ya hapo, pengine digrii 3 au 4. Gesi ikipoa, presha yake inashuka, na ikishuka mno swichi ya presha ya chini inakata umeme. Geji ilisema kweli. Aliyeisoma ndiye aliyekosea. Gesi aliyoiongeza inaipandisha presha kidogo, mashine inawaka, kila mtu anashukuru. Siku chujio likija kusafishwa na maji yakarudi kama zamani, gesi ile ya ziada inazaa kesi mpya upande wa pili: presha ya juu inapanda, kompresa inakula ampea nyingi, na mashine inazima kwa sababu nyingine kabisa.

Maji yanapungua kwa njia nyingi. Inayoongoza ni chujio lililo kabla ya sahani. Kila mashine ya aina hii inapaswa kuwa na chujio lenye matundu yasiyozidi milimita 1, nusu milimita ni bora, na geji ya presha kila upande. Andika tofauti ya geji hizo siku chujio ni safi. Tofauti ikiongezeka kwa 0.3 ya bari, fungua usafishe. Wanaochota kwenye mfereji au mto wasisubiri geji wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei tope linaweza kuziba chujio ndani ya siku chache. Ukirudisha chujio, tazama mshale uliochongwa kwenye mwili wake, kisha toa hewa iliyoingia, maana hewa iliyonaswa juu ya sahani inazuia maji kama tope.

Kuna pia valvu ambayo mtu aliipunguza akasahau. Kuna pampu ya kisimani iliyolika mapangaboi kwa mchanga, na kisima chenyewe kilichoshuka kina mwishoni mwa kiangazi. Na kuna bustani: mtunza bustani anafungua mpira saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile wageni wanayooga, na bomba ni lile lile moja. Hitilafu inayotokea asubuhi tu na kupotea kufika saa tatu, anzeni kuitafuta bustanini.

Tunaongeza moja ambayo mafundi wengi wa mafriji hawaifikirii kwa sababu si ya upande wao. Pampu ya kisimani ya fezi tatu ikizunguka kinyume bado inatoa maji, ila kidogo. Mafundi wa umeme wakigusa transfoma ya mtaa, au genereta ikiunganishwa na fezi zilizopishana, pampu inageuka kimya kimya. Kompresa ya skroli (ile inayokandamiza gesi kwa bamba mbili zilizojikunja kama konokono) nayo ikizungushwa kinyume inaunguruma vibaya, ampea zinakuwa chini, na presha mbili za geji hazitengani. Dawa ni kuzima umeme, kubadilishana waya mbili kati ya tatu, na kufunga rilei (swichi ya kujiendesha) ya kulinda fezi ili siku nyingine mashine ikatae kuwaka kuliko kuzunguka kinyume. Rilei hiyo pia inakata umeme unaposhuka. Kwa umeme wa volti 400 msiruhusu chini ya 360. Na pimeni uwiano wa fezi: mkisoma 400, 392 na 378, wastani ni 390 na fezi iliyo mbali zaidi imepotoka kwa 12, yaani asilimia 3. Zaidi ya asilimia 2 waya za mota zinapata joto kupita kiasi, hata kama mashine inawaka vizuri.

Sasa tuseme lile linalotuudhi. Kwenye bomba la maji ya kisima kuna swichi ndogo inayohisi kama maji yanapita. Maji yakikatika, inazima kompresa. Mashine ikisumbua kwa kuzima zima, kuna mafundi wanaochomoa waya mbili za swichi hiyo na kuziunganisha pamoja. Mwenye mali anaona mashine imepona. Ukimuuliza fundi, anajibu kwamba Arusha hakuna barafu.

Barafu ipo, ndani ya sahani. Maji yakisimama na kompresa ikaendelea, gesi inashuka chini ya sifuri kwa muda mfupi sana, na yale maji machache yaliyobaki kwenye njia nyembamba yanaganda. Yakiganda yanatanuka, na sahani inapasuka. Kuanzia hapo mambo yanakwenda kwa hatua mbili. Kwanza gesi inakimbilia kwenye maji, kwa kuwa presha yake ni kubwa: gesi ya aina ya R410A ikiwa imetulia kwenye digrii 20 ina bari 13 hivi kwenye geji, wakati maji yana bari 2 au 3. Gesi ikiisha na presha zikalingana, maji ndiyo yanaingia kwenye njia ya gesi, yanafika kwenye mafuta ya kompresa, na mashine nzima inakuwa ya kutupwa. Swichi ya kuhisi maji ni bei ndogo mno ukiilinganisha na hasara hiyo. Pamoja nayo kuna sensa ya baridi kwenye maji yanayotoka. Kwa maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kuganda ikate kwenye digrii 4. Asiipunguze mtu.

Dalili ya sahani iliyotoboka ni gesi inayopungua tena na tena huku nje hakuna doa la mafuta popote. Gesi ikivuja kwenye kiungo cha nje huwa inaacha mafuta, na povu la sabuni litaonyesha. Usipoona kitu, funga valvu za maji pande zote mbili, shusha maji yaliyo katikati, na weka kipima gesi kwenye mdomo wa bomba lililo wazi. Kupima kwa presha tumia naitrojeni kavu. Oksijeni isitumike kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Kama maji yanatosha na swichi zote zinafanya kazi, hapo sasa geji zina haki ya kufungwa. Lakini presha peke yake haitoshi. Unahitaji pia kipimajoto cha kubana kwenye bomba. Supahiti ni digrii ambazo mvuke wa gesi umepanda juu ya joto lake la kuchemka kabla haujaingia kwenye kompresa. Sabukuli ni digrii ambazo gesi iliyokwisha kuwa kimiminika imepoa chini ya joto lake la kugeuka. Kwa mashine nyingi supahiti ya 5 hadi 8 na sabukuli ya 4 hadi 8 ni za kawaida, ila kibandiko cha mtengenezaji ndicho kinachotawala.

Presha ya chini ikiwa imeshuka, supahiti ikapanda hadi 15 au zaidi, na sabukuli ikakaribia sifuri, hapo kweli gesi imepungua, na kuna tundu la kutafuta kabla ya kuongeza. Presha imeshuka lakini supahiti ni ya kawaida au ndogo na sabukuli iko sawa, rudi kwenye maji. Kama maji nayo yanapita kwa kiasi kinachotakiwa lakini yanashuka digrii 2 tu badala ya 5, basi sahani zimepakaa uchafu ndani na joto halivuki. Presha imeshuka, supahiti iko juu na sabukuli nayo haijashuka, gesi imekwama njiani: shika filta ya kukausha gesi kwa mkono mwanzoni na mwishoni. Upande wa kutokea ukiwa na ubaridi unaotambulika, imeziba. Kama ncha zote mbili ni sawa, ishuku valvu ya kupanulia gesi (inayoipunguzia gesi presha kabla ya sahani za baridi), na kwanza tazama kama chupa yake ya kuhisi joto bado imebanwa vizuri kwenye bomba na kufunikwa.

Hapa kuna suala la mwinuko ambalo chati za gesi, zile zinazogeuza presha kuwa digrii, hazilitaji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa bari 0.86 hivi, si 1.01 kama Dar es Salaam. Geji iliyowekwa sifuri hapa itasoma zaidi kwa 0.15 ya bari kuliko chati iliyochapwa kwa usawa wa bahari. Kwa R410A hiyo ni nusu digrii, si neno. Kwa gesi ya R134a upande wa baridi ni zaidi ya digrii 1, na ukitafuta supahiti ya 5 kosa hilo si dogo. Moshi iko chini zaidi, kosa linapungua.

Kwenye kuvuta hewa na unyevu kutoka njia ya gesi kabla ya kujaza ndiko mwinuko unakoumbua watu. Mshale wa geji ya kawaida Arusha hauwezi kupita inchi 25 na nusu hivi za zebaki, hata pampu iwe mpya. Fundi aliyezoea kuona 29 anadhani pampu yake ni mbovu. Mwingine anaona 25, anaridhika, kumbe unyevu umejaa ndani. Mshale hauwezi kuwaamulia. Tumia kipimo cha mikroni, kinachosoma presha ndogo sana iliyobaki: vuta mpaka 500, funga valvu, subiri dakika 10. Kikipanda kidogo kikasimama, kuna unyevu, endelea kuvuta. Kikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Na gesi yenyewe ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. R407C na R410A ni mchanganyiko wa gesi tofauti. Ziingizwe zikiwa kimiminika, mtungi ukiwa umegeuzwa kama hauna mrija wa ndani, na polepole ikiwa kompresa inazunguka. Ukiingiza mvuke, kinachotangulia kutoka ni kile chepesi, na kilichobaki mtungini si gesi ile uliyoinunua. Ya zamani isiachiwe hewani. Kilo 1 ya R410A inapasha dunia joto sawa na tani 2 za kaboni dayoksaidi. Ivutwe kwenye mtungi wa kurejeshea.

Upande wa maji ya moto una ugonjwa wake, nao ni ukoko wa chokaa. Visima vinavyopata maji kutoka Mlima Meru vinajulikana kwa floraidi, na wenye hoteli hutuuliza kama ndiyo inayoharibu mashine. Floraidi ni shauri la meno na mifupa ya watu. Kwa mashine, ombeni maabara ipime kalisi, bikaboneti, kloraidi, chuma na pH (kiwango cha uasidi). Maji yenye kalisi na bikaboneti yakipashwa moto yanaacha ukoko kwenye sahani, na ukoko unakimbia zaidi kadiri joto linavyopanda. Dalili yake: linganisha joto la kugeuka la gesi, unalolipata kwa presha ya juu, na joto la maji yanayotoka kwenda tangini. Mashine safi ina tofauti ya digrii 2 hadi 5. Ikifika 8 au 10 wakati maji yanazunguka vizuri, ni wakati wa kuosha.

Kuosha kunafanyika bila kufungua mashine, kama aliyeifunga aliweka valvu za kutenga na midomo ya kuchomeka mipira. Tenga sahani na bomba za maji ya watu. Chukua pipa la lita 50, maji ya digrii 40 hivi na asidi ya limau ya unga, kilo 1 kwa kila lita 20. Zungusha kwa pampu ndogo ya plastiki kinyume na mwelekeo wa kawaida wa maji, saa 1 hadi 2. Povu litachemka pipani. Likitulia, pima pH. Ikiwa imepanda kupita 4, asidi imekwisha nguvu na ukoko bado upo, ongeza. Ikibaki chini bila povu, kazi imekwisha. Malizia kwa maji yenye magadi ya kupikia, gramu 200 kwa lita 20, kisha suuza mpaka pH ya maji yanayotoka ilingane na ya yanayoingia. Vaeni glavu na miwani. Asidi ya kusafishia choo isiguse sahani hizi: ni hidrokloriki, na kloraidi yake inatoboa chuma kisichoshika kutu.

Mwingine anazusha presha ya juu kwa tamaa ya joto. Kuitaka R410A ipashe tangi hadi digrii 65 ni kuitafutia kuzima. 55 inatosha kwa kuoga. Kwa sababu ya bakteria wa lejionela, mara moja kwa wiki tangi zima lifikishwe 60, na hiyo ni kazi ya hita ya umeme ya akiba. Ila hita hiyo nayo ni mfichaji. Pampu ya joto ikifa usiku, hita inaingia, wageni wanaoga kama kawaida, na habari inajulikana pale LUKU inapoisha kabla ya wakati. Ifungeni taa nyekundu mahali ambapo mlinzi anaiona.

Tusiwafiche pia wanaofikiria kununua. Kisima kirefu kinakula faida. Kwa zile lita 21 kwa dakika, kuyapandisha maji mita 80 kunataka umeme wa kilowati 0.65 hivi kwa pampu ndogo za kawaida. Ziongeze kwenye 2.5 za kompresa, na kilowati 10 za joto sasa zimegharimu 3.15, yaani kila moja ya umeme inarudisha 3.2 badala ya 4. Kwa mita 150 inashuka hadi 2.7. Kama maji yalikuwa yanapandishwa tangini kwa matumizi mengine hata hivyo, yapitisheni kwenye mashine njiani, gharama hiyo haihesabiki mara mbili. Kama kisima kingechimbwa kwa ajili ya mashine tu, mashine inayochukua joto hewani inaweza kuwatosha. Na kibali cha kutumia maji ya kisima kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kiombwe kabla ya mtambo kuagizwa.

Anayeagiza adai mambo haya yaandikwe kwenye mkataba: valvu za kutenga kila upande wa sahani zote mbili, midomo ya kuoshea, geji kabla na baada ya chujio, vishimo vya kuchomeka kipimajoto kwenye maji yanayoingia na yanayotoka, na karatasi ya vipimo vya siku ya kwanza: lita kwa dakika, digrii nne za maji, presha mbili, supahiti, sabukuli, ampea na volti za fezi zote. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa mashine, ikiwa ndani ya plastiki. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu akisema gesi imepungua, aonyeshwe hiyo kwanza.

Mafundi wa mitambo ya baridi na maji ya moto,
Arusha